Ubeleko Mmoja, Migongo Mitatu

Sogeeni, na anayetafuna muwa aumalize kwanza, maana hii haisikilizwi kwa mdomo uliojaa. Siwapi hadithi ya kulalia. Nawapa kesi. Imewashinda wazee wa baraza, imewashinda na wenye vyeti vyao. Mwenye jibu alishike mpaka mwisho, kwa sababu kila anayejibu katikati huishia kumeza maneno yake mwenyewe, na maneno hayana mchuzi.

Palikuwa na wanawake watatu huko milimani Usambara, katika kijiji ambacho ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Nyumba zao zilifuatana, hata wa kwanza akiunguza maharage, wa tatu ndiye anayekohoa. Hawakuwa ndugu. Hata marafiki hawakuwa, ukiniuliza mimi. Walikuwa majirani, na ujirani ni kama kiatu cha kuazima: unakivaa kwa sababu njia ina mawe.

Wa kwanza ni Kwandu. Alitoka Usukumani, akaolewa na bwana misitu, akaletwa kwenye baridi ile akilalamika, na hajanyamaza hadi leo. Kipaji chake kilikuwa pamba. Alikulia mashambani, akafundishwa kuchambua pamba kabla ya kufundishwa kusalimia, ndiyo maana kusalimia hakujui vizuri. Umpe pamba chafu, yenye mbegu na majani makavu, atakurudishia kitu ambacho ukikipulizia kinahama.

Wa pili ni Mashavu. Huyu alikuwa dobi wa hospitali, na kipaji chake kilikuwa maji. Alijua maji ya moto yanakifanya nini kitambaa, alijua nguo ipi hurudi ikifuliwa, yaani unaanika gauni unaanua blauzi. "Nguo mpya ni mwongo," alikuwa akisema. "Haikuambii kimo chake mpaka ionje maji." Wanaume nao aliwasema hivyohivyo, na hakuolewa.

Wa tatu ni Mkunde, mwenyeji wa pale, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa sindano. Alishona mstari ulionyooka kuliko maisha yake, maana waume wawili walikuwa wamekwisha kupita humo ndani na hakuna aliyekaa. Aliringa. Mtu ukimpelekea kitambaa hukishika kwa vidole viwili kama anayekamata panya, kisha akakushonea nguo ambayo utazikwa nayo.

Haya. Nyumba ya nne katika mstari ule alikaa Zaina, mke wa Mbelwa. Mimba yake haikufika mwisho. Mtoto alikuja, mama akaondoka, hata hawakuonana. Na mtoto mwenyewe alikuwa njiti, ungemweka kwenye kibaba angebaki na nafasi ya kujigeuza. Mbelwa alimchungulia, akasema, "Hiki hakifiki Ijumaa," akashuka bondeni kwenye mashamba ya mkonge kutafuta kazi. Kazi aliipata. Mke mwingine alimpata. Njia ya kurudi ndiyo iliyompotea.

Mkunga wa zahanati aliwaita wale majirani watatu, kwa kuwa ndio waliokuwa mlangoni.

"Huyu hana mafuta mwilini," akawaambia. "Akipoa, amekwenda. Na msiniletee blanketi, litamlalia kifuani. Nataka kitu chepesi, chenye joto kila mahali, kinachofulika kila siku, kwa sababu atakikojolea kila siku."

"Huo ni mfarishi," Mkunde akasema. "Nguo mbili, pamba katikati, unashona juu mpaka chini."

"Basi mfarishi. Na leo."

Neno hilo "leo" ndilo lililowaponza. Kila mmoja alikuwa na kipaji, na kila mmoja siku hiyo alikiacha nyumbani. Kwandu akapasua mto wake, akatoa pamba mafungumafungu, na vipande vya mbegu ndani. Mkunde akakata marekani mpya, bado ina wanga wa dukani, akaipitisha kwenye cherehani mistari michache, huku na huko, kama mtu anayefunga gunia. Mtoto akaulowanisha. Mashavu, mtu wa maji, akautumbukiza kwenye maji yanayochemka kama shuka la wodi, kisha akaukamua kwa kuusokota.

Ulipokauka, walitazamana. Marekani ilikuwa imerudi mpaka mfarishi ukatosha kufunika sufuria, na isiwe sufuria kubwa. Pamba nayo ilikuwa imekimbilia pembe moja ikajifanya donge, kwingine kote ni vitambaa vitupu vinavyotazamana. Wakamfunika mtoto hivyohivyo. Mgongo ukabaki nje. Midomo yake ikawa rangi ya zambarau iliyoiva.

"Marekani yako hiyo," Mashavu akasema. "Hukuiloweka hata kwa mate?"

"Na maji yako ya kunyonyolea kuku?" Mkunde akajibu.

"Pamba yangu ilikuwa nzima mpaka mlipoigusa," Kwandu akasema.

Mkunga hakuwasikiliza. Alimchukua mtoto akamtia kifuani, ndani ya gauni lake, ngozi kwa ngozi. "Mimi na mwenzangu tutamshika hivi kwa zamu mpaka kesho kutwa," akasema. "Zaidi ya hapo nina wazazi wengine. Mkimaliza kugombana, shoneni."

Kesi ikifika kwenye madai, msije mkanitajia mkunga. Mkunga alikuwa kazini. Na maziwa yalitoka kwa mbuzi wa jirani, na tunashukuru Mungu mbuzi hana madai.

Nguo ya kushonea ilitoka sandukuni kwa Zaina: doti ya kanga aliyoletewa siku ya harusi yake, haijavaliwa. Alikuwa akiitunzia siku nzuri. Wanawake tunatunza kanga kwa ajili ya siku nzuri, kisha tunafunikwa nayo.

Sasa tegeni masikio, kwa sababu kesi iko hapa.

Kwandu alipasua mito yote iliyobaki, na wa mumewe, mume akalalia mkono wake. Akakaa na pamba mapajani akitoa mbegu kwa vidole, na si mbegu tu, hata kile kipande kidogo kinachobaki, kwa sababu hicho huchoma ngozi, na mafuta yake hutia doa nguo ikilowa. Vidole vikapasuka. Akavifunga kitambaa ili damu isiguse pamba, akaendelea. Kisha akaipiga kwa fito mbili juu ya mkeka mpaka ikavimba. Na hakuitandaza mafungu kama mara ya kwanza. Aliivuta utando kwa utando, mwembamba kama ukungu wa dirishani, safu moja nyuzi zikilala hivi, inayofuata zikilala kuikatiza, isipate upenyo wa kukimbilia. Kama si Kwandu, mfarishi ungekuwa mzito au ungekuwa na mashimo, na mtoto angekufa.

Mashavu alichukua ile doti. Akaizamisha maji ya moto, akaiacha mpaka yapoe, akaikausha juu ya jiko, akaipima kwa shubiri. Imepungua. Akairudisha majini. Imepungua tena. Rangi ikachuja, Mkunde akalalamika kwamba ua la pembeni linakufa. "Life ua," Mashavu akasema. Akaendelea mpaka shubiri ya mwisho ikakubaliana na iliyoitangulia, nguo ikawa haina tena uongo wa kusema. Kisha akanyoosha mkono kwa Kwandu.

"Lete na pamba."

"Ya nini?"

"Pamba nayo hurudi. Tukiiacha ijifunze maji ndani ya nguo, itavuta kila kitu."

"Utaniulia pamba, wewe mama."

"Ikifa, nitakuzikia."

Akailaza kati ya vipande viwili vya chandarua, akaishusha kwenye maji ya vuguvugu, hakuikoroga, hakuigusa, akaiacha inywe yenyewe. Akaikandamiza kwa viganja, pole, kamwe hakuikamua, maana makosa ya mara ya kwanza alikuwa anayaona bado kwenye midomo ya yule mtoto. Akaibeba juu ya ungo kama anayebeba mgonjwa, akaikausha kwenye kichanja juu ya makaa, akiigeuza upande na upande. Ilipokauka ilikuwa imepungua upana wa kiganja pande zote. Kwandu akanyamaza, na hilo si jambo dogo. Kama si Mashavu, mfarishi ungejikunja siku ya kwanza ya kufuliwa, na mtoto angekufa.

Mkunde aliifunika cherehani yake. Fundi cherehani kushona kwa mkono mbele za watu ni kama sheha kwenda sokoni peku, lakini alijua cherehani itaibana pamba na kuua joto lake. Akatandaza kanga moja, pamba juu yake, kanga ya pili, akapiga bandi kuanzia katikati kwenda nje ili vitu vitatu visitembee. Kisha mistari, mmoja baada ya mwingine, nafasi ya vidole viwili tu, hata pamba ikitaka kukimbia ikute ukuta. Uzi wenyewe aliuloweka kwanza. Hakuuvuta, aliuacha ulegee kidogo. Na pembeni aliacha nguo ya ziada akaikunja kwa ndani.

"Hiyo ziada ya nini?" Mashavu akauliza. "Nimekwambia hairudi tena."

"Nakuamini," Mkunde akasema. "Nimeacha ya kutokukuamini."

Macho yalimtoka machozi kwa moshi na taa, sindano ikamchoma, hakuinuka. Kama si Mkunde, pamba ingejikusanya pembeni kama mara ya kwanza, na mtoto angekufa.

Mfarishi waliumaliza siku ya kesho kutwa, kama walivyoambiwa. Mtoto akatoka kifuani kwa mkunga akaingia humo. Akakojoa, ukafuliwa, ukakaushwa, ukabaki vilevile. Kesho yake vilevile. Midomo ikarudi rangi ya midomo. Mkunga akauliza jina, na hakuna aliyekuwa amefikiria jina, kwa sababu hakuna aliyepanga kulitumia. Wakamwita Sikudhani.

Alikua. Alilala kwa zamu katika nyumba zile tatu, na alibebwa kwa zamu na migongo ile mitatu, na mfarishi ukimfuata. Ukipita njiani ukaita, "Mama Sikudhani," vichwa vitatu viligeuka. Watu walicheka. Wanawake wale hawakucheka hata mara moja, ila watu hawakuliona hilo.

Sasa Sikudhani akawa mtu mzima, na posa ikaja kutoka kijiji cha pili, kijana seremala, hana neno. Mshenga alikuwa Mzee Singano, mtu mpole, anayeongea kama anayehesabu mayai.

Siku ya mahari, nani akatokea bondeni? Mbelwa. Na viatu. Harufu ya mahari hupanda mlima upesi kuliko moshi.

Kwa desturi ya huko, mahari haiji peke yake. Kuna kilemba cha baba. Na kuna ubeleko wa mama, kitambaa cha kumshukuru aliyembeba bibi arusi mgongoni alipokuwa mchanga. Msidhani ni kitambaa tu. Anayekipokea ndiye mama mbele ya watu. Ndiye mkwe. Binti akijifungua mtoto wa kwanza, yeye ndiye anayeitwa, anakaa huko mpaka arobaini iishe, na mjukuu anabebwa kwa kitambaa hichohicho. Wengine wote ni wageni. Wanakula, wanapiga vigelegele, wanarudi kwao kuosha vyombo vyao.

Mzee Singano alianza na kilemba. Akakiweka mbele ya Mbelwa. Mbelwa akakipokea, akakivaa palepale, kikamkaa vizuri. Hakuna aliyeuliza alifanya nini kukistahili. Mzee mmoja hata alimpa pole ya safari.

Kisha Mzee Singano akafungua kitambaa. "Mgongo uliombeba huyu binti uko wapi, tuushukuru?"

Pale mkekani, wanawake watatu walisogea mbele kwa pamoja.

Mzee Singano akatazama kitambaa, akawatazama wao. "Mimi nimeletewa mmoja."

"Ni mmoja tu unaohitajika," Kwandu akasema. "Mfarishi bila pamba ni kanga mbili. Joto lilikuwa langu."

"Pamba bila uzi ni takataka za mto," Mkunde akasema. "Nani amewahi kuona pamba ikimshika mtoto?"

"Na nyote wawili mlikwisha kumuua mara moja kwa haraka zenu," Mashavu akasema.

"Maji ya moto yalikuwa ya nani, bibi dobi?" Mkunde akadakia.

"Yangu. Nimekiri tangu siku ile. Wewe marekani yako umeikiri lini?"

Mbelwa akakohoa chini ya kilemba chake. "Mama zangu, si mgawane tu. Kitambaa ni kitambaa."

Mashavu akamgeukia. "Wewe hicho umegawana na nani?"

Mbelwa akatazama viatu vyake. Kilemba hakukivua.

"Hakigawanyiki," Mzee Singano akasema. "Kijana wetu anatakiwa amkwepe mkwe wake njiani, ndiyo adabu. Akiwa na wakwe watatu kijiji kimoja, atatembea vichakani kama nguruwe." Watu wakacheka kidogo. "Tena mtoto akizaliwa, tumwite nani? Tukiita watatu watakuja watatu, na nyumba ya mzazi itakuwa kama hapa."

"Mpeni marehemu," akasema bibi mmoja aliyeegemea ukuta. "Ndiye aliyezaa."

"Marehemu hawezi kukaa arobaini, dada yangu."

Hapo ndipo maneno yaliposhuka kutoka kwenye mfarishi yakaingia ndani ya watu. Mkunde akamwambia Kwandu, "Wewe una wanne. Wa tano unamtakia nini?"

"Wanne hao walihama na baba yao alipohamishwa kazi," Kwandu akasema. "Hata salamu sijaletewa. Huyu ndiye anayenichotea maji."

"Wewe angalau una wa kukusahau," Mashavu akasema. "Mimi nimsubiri nani anisahau?"

"Mimi wangu ninajua alipo," Mkunde akasema. "Yuko pale nyuma ya migomba, nimempanda mwenyewe. Nisiambiwe habari za kukosa mtoto na mtu ambaye hajazika."

Hata waliokuja kwa ajili ya wali walitazama chini.

Sikudhani alikuwa chumbani, kama bibi arusi anavyotakiwa. Alisikia yote, kuta ni za udongo. Akatoka na mfarishi mikononi, akautandaza mkekani katikati yao. Alidhani wakiuona watanyamaza. Mtoto mzuri, lakini hakufundishwa jambo hili: usiwape wanaogombana kile wanachogombania.

Mkunde akatoa mkasi kifuani.

"Nautoa uzi wangu," akasema. "Tuone kitakachobaki."

Akakata fundo la pembeni, akavuta. Mstari mmoja ukatoka wote, mrefu, umenyooka. Akavuta wa pili. Hakuna aliyemshika mkono. Mimi watu wale siwaelewi mpaka leo, kikao kizima cha wenye akili, na hakuna aliyemshika mkono. Akaendelea mpaka mfarishi ukafumka ukawa wazi kama mdomo.

Kwandu akaingiza mkono humo. "Na mimi naitoa yangu." Akavuta. Pamba ikatoka utando kwa utando, bado nyeupe, bado nyepesi, na kila utando aliouvuta uliinua mwingine.

Mashavu akabaki anatazama. Yeye atoe nini? Fikirini. Kazi za wenziwe zilionekana, uzi huu hapa, pamba hii hapa. Kazi yake ilikuwa jambo ambalo halikutokea. Nguo haikurudi. Utalichomoaje jambo ambalo halikutokea?

Akachukua birika la maji ya moto yaliyowekwa kwa ajili ya wageni kunawa, akamimina yote juu ya kile kilichobaki.

"Yangu ni hii," akasema. "Pimeni. Haitarudi hata leo."

Wakapima, bibi wa ukutani aliweka shubiri zake. Kanga haikuwa imepungua hata unene wa ukucha. Mashavu alikuwa amesema kweli. Lakini pamba iliyokuwa imebaki ndani, isiyo na uzi wa kuishika, ilikunywa yale maji ya moto ikajikunja, ikawa donge moja la majimaji, na ile ya pembeni ambayo Kwandu alikuwa ameitupa ikalowa pia. Hakuna fundi duniani angeweza kuurudisha mfarishi ule.

Sikudhani alichuchumaa akaigusa ile kanga. "Nilikuwa nafikiri huu ni wa kwangu," akasema.

Hakulia. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Wale watatu hawakuomba radhi. Msitegemee. Kwandu alikaa na pamba kiganjani, Mkunde uzi ukiwa umemzunguka vidole, Mashavu mikono ikidondosha maji. Lakini kila mmoja, niangalieni vizuri, kila mmoja alikuwa bado amenyoosha miguu na mapaja yake yako tayari kuwekewa kitambaa.

Mzee Singano akainuka. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye migomba.

"Sisi tunaondoka njia ikingali ikionekana," akasema. "Ubeleko hauwezi kurudi na mimi, ukirudi posa imevunjika. Na hauachwi chini. Nimetafuta wa kuamua sijamwona, baba mtu ana kilemba lakini sitamuuliza yeye." Akamwendea Sikudhani, akamwekea kitambaa mikononi. "Binti, uweke mwenyewe. Mapajani pa mmoja."

"Nikimpa mmoja, babu, hao wawili nitakuwa nimewafanya nini?"

"Hilo mimi sijatumwa kulijibu."

Sikudhani akasimama nacho. Mbele yake mapaja matatu, nyuma yake mlango uliojaa ukungu, kando yake baba aliyevaa kilemba akitazama kama chakula kimepakuliwa.

Sasa semeni. Mtaniambia ampe Kwandu, kwa sababu joto ni pamba. Je, pamba ile ya kwanza, yenye mbegu, haikuwa yake? Mtaniambia ampe Mashavu, kwa sababu yeye alikiri kosa. Kukiri hakumfuniki mtoto, na maji ya mwisho aliyamimina yeye. Mtaniambia Mkunde, kwa sababu uzi ndio ulioshika kila kitu. Ndiyo, na ndiye aliyetangulia kuuchomoa. Mtaniambia asimpe yeyote, wameuharibu wote. Vizuri, posa imevunjika, na aliyepigwa fimbo ni yule ambaye hakufanya lolote ila kuzaliwa mapema. Na asiniambie mtu habari za kugawana. Wa kugawana tulimsikia, alikuwa amevaa kilemba.

Wewe hapo unayetikisa kichwa kama unajua. Kitambaa kiko mikononi mwako, ukungu unaziba njia, wageni wamekwisha kusimama. Ungekiweka mapajani pa nani? Na ukishakiweka, wale wawili, kesho asubuhi ukikutana nao kisimani, utawaitaje?